Kila Kitu Kilipigwa Pasi

Siku Mama Pasi alipomkata uzi fundi mwashi mbele ya uchochoro mzima, vidole vyake mwenyewe vilikuwa vinamwasha hadi mkasi ukamcheza mkononi.

Alikuwa amesimama barazani kwake, nyuma ya meza ya kupigia pasi, ovaroli la fundi likining'inia kwenye ncha ya kijiti kama panya aliyekufa. Ilikuwa asubuhi ya watu kwenda na kurudi. Wenye ndoo walisimama. Wenye watoto mgongoni wakasimama. Muuza mkaa, aliyekuwa akilalamika kwamba ana haraka, akatua gunia chini na kulikalia.

"Fundi, hebu nyoosha mikono."

"Ya nini, mama? Nimekuja kuchukua nguo, sikuja kuvishwa pete."

Watu wakacheka. Mama Pasi hakucheka. Fundi, kijana mrefu mwenye macho ya haya, aliyehamia chumba cha mwisho cha nyumba ya jirani miezi miwili tu iliyopita, akanyoosha mikono. Kweli haikuwa mikono ya kuringia. Ngozi ilikuwa imekakamaa na kupasuka, vipele vimempanda hadi viwikoni, na alipokunja ngumi nyufa zile zikafunguka kama midomo.

"Jamani, mnaona wenyewe? Tangu nianze kazi hii upele haujawahi kukanyaga kizingiti changu. Leo mtoto wangu anajikuna. Mtoto wa dobi! Umetoka wapi? Umekuja na ovaroli."

"Mama, hii ni kazi tu. Mimi nashika sa—"

"Unashika upele, ndicho unachoshika."

Akaigeuza kola kwa kijiti. Ndani yake kulikuwa na uzi wa njano, mshono mdogo kama punje ya mchele. Kila mteja wa Mama Pasi alikuwa na rangi yake, nguo zisije zikachanganyika kamba moja ikibeba nguo za nyumba kumi. Njano ilikuwa ya fundi. Kijani ilikuwa ya mwalimu mkuu. Nyekundu, iliyoshonwa kwa uangalifu kuliko zote, ilikuwa ya shuka za gesti, zilizoletwa kila Jumatatu na Alhamisi na ndizo zilizoliweka sufuria la Mama Pasi jikoni. Kushonewa uzi na Mama Pasi kulikuwa kama kupewa cheti cha usafi. Kukatwa uzi hakukuwahi kumtokea mtu.

Mkasi ukalia. Uzi wa njano ukaanguka vumbini. Fundi akaokota ovaroli lake, akaukunja mkono wake mmoja juu ya mwingine kama anayeificha, akaondoka.

Mwenyewe, ukimwomba leo akusimulie, huanzia hapo, na hujiigiza vizuri kuliko mtu yeyote angeweza kumwigiza. Hutoa kidevu mbele, hubana midomo, hunyanyua kijiti cha kufikirika. Kisha hukuonyesha kile ambacho mkono wa kushoto ulikuwa ukifanya chini ya meza wakati ule. "Ulikuwa unajikuna," husema. "Mkono wa kulia unahukumu, wa kushoto unajikuna."

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na hiyo baraza. Watoto wakubwa walishaondoka, kila mmoja na maisha yake. Walibaki Mama Pasi, mumewe aliyekuwa karani kwenye ghala la unga, mama mkwe wake, na Kitinda, binti wa miaka minne aliyekuja wakati watu walishagawa nguo za watoto. Kitinda hakuwa na kitanda cha kudumu. Alianza kulala kwa bibi yake, alfajiri utamkuta katikati ya wazazi, na mchana alijikunja ndani ya kikapu cha nguo chafu na kusinzia kama paka. Alipakatwa na kila mtu. Wadudu wa upele, kama wangekuwa na usafiri, basi usafiri wao ulikuwa Kitinda.

Kila mmoja alikuwa na maelezo yake ya kwa nini anawashwa. Karani alisema ni vumbi la unga, linaingia kwenye shati na kuchanganyika na jasho. Mama mkwe alisema ni uzee, ngozi ya mtu mzima hukauka, subirini na nyinyi mtaona. Mama Pasi hakusema lolote kwa sababu hakuna aliyemwuliza, lakini moyoni alikuwa amekubaliana na nafsi yake kwamba ni sabuni mpya.

Kisha, alipoona Kitinda naye hatulii, akaamua kupigana. Na kwa kuwa miaka yake yote alikuwa ameuona uchafu mahali pamoja tu, yaani kwenye nguo, akapigana na nguo. Alijaza pipa maji, akawasha kuni, akachemsha shuka, mapazia, kanzu, soksi. Kisichochemka kilipigwa pasi. Alipiga pasi godoro pande zote mbili. Alipiga pasi mkoba wa mumewe, ukatoka umesinyaa kama pera lililosahauliwa. Alipiga pasi mwanasesere wa Kitinda, ambaye hadi leo ana alama ya pembe ya pasi tumboni. Karani alipoleta mshahara alizipiga pasi noti moja moja, zikawa ngumu kiasi kwamba muuza duka aliziinua juani akidhani ni za bandia.

Kila kitu kilipigwa pasi. Kila kitu isipokuwa watu.

Kwa watu alikuwa na mpango mwingine, wa siri, kwa ajili ya mtu mmoja tu. Alinunua dawa ya kupaka kwa mchuuzi asiyemjua, mtaa wa mbali, akaificha ndani ya kopo la wanga. Kila Jumatatu alijipaka katikati ya vidole, kiasi kile ambacho wateja wangeweza kuona.

Taarifa ilifika gesti kabla ya shuka za Alhamisi. Bi Meneja alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye desturi ya kugusa kila kitu kwa ncha ya kalamu.

"Nasikia upele umeingia kwako."

"Ulitaka kuingia, Bi Meneja. Nimeukata. Ni mwashi mmoja hapo jirani."

"Umeshamwondoa?"

"Nimemkata uzi mchana kweupe."

Bi Meneja akainua pembe ya shuka kwa kalamu, akaishusha. "Mgeni wangu mmoja akiwashwa hata na mbu, atasema ni shuka. Jumamosi jioni nakuja kuangalia. Mikono ya kila mtu anayegusa vitu vyangu. Nikiridhika, tunaendelea. Nisiporidhika, kuna kampuni ina mashine."

"Njoo tu, Bi Meneja. Njoo hata na tochi."

Alipoondoka, Mama Pasi alienda nyuma ya nyumba akajikuna hadi machozi yakamtoka, na hayakuwa ya maumivu. Bila shuka zile wangebaki na unga wa karani, na unga wenyewe ulikuwa wa ghala.

Ijumaa Kitinda akaamka na joto. Vipele vya mikononi na makalioni vilikuwa vimegeuka vidonda, vingine vina usaha, vingine vimefunga gamba la rangi ya asali. Hapo hapakuwa tena na maelezo ya sabuni. Mama Pasi alijifunga mtandio hadi ikabaki nafasi ya macho tu, kisha na hayo macho akayafunika kwa miwani ya jua ya mumewe, akambeba mtoto kwenda zahanati. Alichagua njia ndefu.

Kwenye benchi alikaa mwisho kabisa. Baada ya dakika chache mtu wa pembeni akasema kwa sauti ya chini:

"Shikamoo, Mama Pasi."

Alikuwa fundi.

"Marahaba," akasema, kisha akajilaumu kwa kuitika. "Umenijuaje?"

"Unanukia mkaa na wanga. Na huo mtandio una mikunjo minne, imenyooka kama rula. Nani mwingine hupiga pasi nguo ya kujifichia?"

Aliposema hivyo hakuwa anacheka. Akajisogeza, akaacha nafasi ya watu wawili katikati yao. "Nakaa huku," akaongeza. "Nisije nikakuambukiza."

Mama Pasi husema kwamba ametukanwa mara nyingi maishani, na wengine walikuwa na kipaji, lakini hajawahi kusikia tusi zito kama zile sentimeta za benchi.

Chumba cha tabibu kiligawanywa kwa pazia. Fundi aliitwa kwanza, na Mama Pasi akaambiwa aingie asubiri upande wa pili wa kitambaa. Alisikia kila neno.

"Huu si upele," tabibu alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuamsha wodi. "Saruji. Unachanganya kwa mikono mitupu?"

"Glavu tunazo jozi mbili, watu tisa."

"Saruji inakula ngozi, kijana. Huambukizi hata kuku. Nakupa mafuta ya kutuliza, na ukitoka kazini nawa kwa maji mengi, kausha, jipake mafuta mazito. Glavu tafuta kwa njia yoyote ile."

"Daktari, naomba uniandikie kwenye karatasi. Kwa herufi kubwa."

"Dawa nimeshaandika."

"Si dawa. Andika kwamba siambukizi. Wenzangu hawapokei tofali mkononi mwangu, wanataka nilitue chini kwanza, ndipo waliokote. Msimamizi anasema nachelewesha ukuta. Na mwenye nyumba kanipa hadi kesho nihamishe vitu. Kuna mama alinitangaza."

"Mama gani huyo? Ni daktari?"

"Ni dobi," fundi akasema. Hakusema zaidi, ingawa alijua masikio ya nani yako umbali wa hatua mbili.

Zamu yake ilipofika, Mama Pasi aliingia akiwa na miwani. Tabibu akamwambia aivue, hapo si pwani. Alimkagua Kitinda, kisha bila kuomba ruhusa akaukamata mkono wa mama na kuutanua vidole chini ya taa. Kulikuwa na mistari midogo sana ya kijivu, kama mtu aliyejaribu kalamu.

"Hawa hapa. Wamechimba mahandaki, wanataga mayai humo. Mtoto ana upele, na kujikuna kumefungua mlango, vijidudu vingine vimeingia ndio maana ya usaha. Nyumbani nani wengine wanajikuna?"

"Hakuna."

"Baba anajikuna na rula ya ofisi," Kitinda akasema kwa sauti ya uchovu. "Bibi anajikuna na kitana. Mama anajikuna na meza."

Tabibu akaweka kalamu chini.

"Daktari, mimi ni dobi," Mama Pasi akaanza kujitetea. "Nimechemsha nyumba nzima. Godoro nimelipiga pasi."

"Godoro lilikuwa linajikuna?"

"Hapana, lakini..."

"Mama, upele hauulizi umeoga lini. Unapita ngozi kwa ngozi, watu wakilala pamoja, wakipakatana, wakishikana mikono muda mrefu. Wewe unachemsha shuka, mdudu yuko kiganjani kwako ametulia, anasikiliza maji yanavyotokota. Umejipaka chochote?"

"Nimejipaka kwenye vidole."

"Na kiunoni? Kwapani?"

"Kiuno," Mama Pasi akasema, akiangalia chini, "wateja hawakioni."

Tabibu alicheka hadi akaegemea ukuta. Alipomaliza akaandika, na alipoandika akawa anasema kwa mpigo kama anayesoma hati ya mashtaka. Kitinda anywe dawa ya vidonda siku saba, asikatishwe hata akipona siku ya tatu. Dawa nyeupe ya upele ipakwe na watu wote wa nyumba, siku moja, hata asiyewashwa, maana mtu anaweza kukaa na wadudu wiki kadhaa kabla hajahisi kitu. Kuanzia shingoni hadi nyayo, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, na huko mnakokuonea haya. Ya mtoto imepimwa kwenye chupa yake. Kucha zikatwe. Wakae nayo tangu asubuhi hadi asubuhi ya pili, anayenawa mikono ajipake tena, na baada ya wiki warudie.

"Nguo na shuka mlizotumia siku hizi tatu, hapo sasa chemsha, piga pasi, fanya ufundi wako. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko siku tatu. Na sikiliza: mtaendelea kuwashwa wiki mbili, hata nne. Wadudu watakuwa wamekufa, ngozi bado ina hasira nao. Usije ukajipaka kila siku ukababuka."

"Na yule kijana?" Mama Pasi akauliza mlangoni.

"Yule mgonjwa wangu. Wewe unamjua?"

"Namfulia," akasema, na uongo huo mdogo ukamfuata njia nzima, ile ndefu.

Jioni hiyo aliwaita wote mezani. Aliweka chupa za zahanati katikati na kusema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, kwamba ana upele, anao, hii ni wiki ya nne, na dawa aliificha kwenye wanga. Akaenda akalileta kopo, akachovya mkono, akatoa kitubu chake cha dawa chenye unga mweupe.

Karani alikohoa. Akainama, akavua kiatu cha kushoto, akatoa kitubu cha aina ileile kilichobanwa na kisigino.

"Ninapaka ghalani, Alhamisi," akasema. "Nyuma ya magunia. Vijana wanadhani nasali."

Wakageuka kumtazama mama mkwe. Bibi yule alikuwa anachunguza dari. Kisha akaingiza mkono ndani ya foronya yake na kutoa kichupa cha marhamu ya salfa, kilichobaki robo.

"Ndiyo maana chumba kinanuka njiti za kiberiti!" karani akasema.

"Uliniuliza, nikakwambia nawasha taa. Umeme upo, hukushangaa?"

Waliviangalia vile vitu vitatu. Karani, ambaye kazi yake ni kujua gunia gani limetoka na lipi limeingia, ndiye aliyeelewa kwanza. Alichukua rula yake akaonyesha. Jumatatu wadudu wanahama kwa mama, wanaenda kwa mtoto. Alhamisi wanahama kwa baba, wanarudi kwa mama. Kila mtu alikuwa anamfukuzia mwenzake.

"Lakini mama," Mama Pasi akamwambia mkwewe, "wewe ulianza lini?"

"Niliporudi kutoka kumuuguza dada yangu wodini. Majuma matatu tulilala kitanda kimoja."

"Ni miezi mitatu hiyo! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mwanangu? Siku niliyorudi nilikuwa na kikapu cha ukindu. Ulikichemsha." Bibi akajikuna bega taratibu, kwa mara ya kwanza bila kujificha. "Nikajisemea, nikitaja upele mwanamke huyu atanichemsha na mimi. Yule fundi wako alihamia baadaye kabisa. Nilimwona anapita na godoro lake kichwani. Mimi nilikuwa nimekaa hapo nje, najikuna."

Hakuna aliyecheka. Mama Pasi alijiona amesimama na kijiti. Nyumba yake, aliyoisifu kwa kila aliyepita, ilikuwa safi hivi kwamba mtu mzima hakuthubutu kusema anawashwa.

"Nitamwambia Bi Meneja," akasema.

"Utamwambia nini?" Karani alishusha rula. "Mke wangu, tulia. Kesho tunajipaka, tunapona, imekwisha. Upele wa fundi umeshakubalika huko nje, uache ukae hapohapo. Kesho anahama. Kijana ni mmoja, atapata chumba kingine. Shuka zile hatupati nyingine."

Hayakuwa maneno ya mtu mbaya. Alikuwa anaangalia sufuria. Mama Pasi akaanza kuzipanga chupa, na huko kupanga kulikuwa nusu ya kukubali.

Jumamosi saa tatu asubuhi familia nzima ilijipaka. Dawa ilikuwa nyeupe, ikikauka inaacha ukungu kwenye ngozi. Karani alimpaka mama yake nyayo, mama yake akamwambia mara ya mwisho kugusana hivi karani ndiye aliyekuwa anapakwa. Kitinda alifurahi kuliko wote, akazunguka chumba akisema yeye ni ukuta. Bi Meneja alikuwa amesema jioni. Walihesabu kwamba ikifika saa hiyo watavaa mikono mirefu, na Mama Pasi atavaa glavu za kufulia.

Bi Meneja alikuja saa sita mchana, maana watu wa ukaguzi hawaji saa waliyosema. Alisukuma mlango kwa kalamu. Akawakuta wanne wameketi wakiwa wamepanua mikono, weupe kuanzia shingoni, hawathubutu kuegemea kitu.

"Kuna nini hapa?"

"Unga!" Karani aliruka. "Gunia, Bi Meneja. Limepasuka. Nilikuwa nawaonyesha familia... jinsi ya kupakua gunia."

Lilikuwa jibu la kijinga, lakini alikuwa karani wa unga, na Bi Meneja alikuwa na haraka. Alitazama mikono ya Mama Pasi, nyeupe, laini, imeingia nusu tu kwenye glavu.

"Na yule mwashi?"

Wote wanne wakageuka dirishani. Nje, fundi alikuwa anafunga godoro lake kwa kamba. Ndoo, jiko, mwiko wa kupigia lipu, vyote vilikuwa chini. Karatasi ya zahanati, yenye herufi kubwa, ilikuwa kwenye mfuko wa shati, mwenye nyumba amesimama kando na funguo.

"Nimeisoma," mwenye nyumba alikuwa anamwambia. "Karatasi haijikuni, kijana. Wewe unajikuna. Na Mama Pasi huyo anajua nguo za watu."

"Anaondoka, naona," Bi Meneja akasema. "Vizuri. Watu wa aina ile ndio wanaoharibu. Basi shuka za Jumatatu—"

"Siyo yeye," Mama Pasi akasema.

Karani akafumba macho.

"Siyo yeye, Bi Meneja. Ni mimi. Na huyu mume wangu, na mama, na mtoto. Huu si unga, ni dawa ya upele. Shuka zako zilizoko kabatini zimechemshwa, zimepigwa pasi, hazina kitu. Ila mikono yangu haikuwa salama mwezi mzima, nami nilijua."

Kisha, kwa kuwa jambo lile alikuwa amelifanyia nje, akaona haliwezi kumalizikia ndani. Akatoka barazani kama alivyokuwa, kitenge cha zamani kifuani, mabega na mikono vimepakwa kama vyumba vya kupangisha. Sauti ilikuwa ileile iliyomhukumu fundi. Hakuwa na nyingine.

"Jamani! Nisikilizeni, na msinisogelee! Fundi hana upele. Ana saruji. Upele ninao mimi, ulianzia kwangu, kabla hata hajahamia. Mlioniona nimeshika kijiti siku ile, mlikuwa mnamtazama mtu mwenye upele ameshika kijiti."

Kisha muuza mkaa akasema, "Lo!" na mwanamke mmoja akacheka, na kicheko kikapita mlango hadi mlango. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kushika mbavu, na kilikuwa chake yeye Mama Pasi, hakuna wa kugawana naye. Alisimama akakipokea. Dawa ilimzuia hata kujifunika uso.

Mwenye nyumba aliangalia funguo, akaangalia godoro. "Basi rudisha," akamwambia fundi, kama vile fundi ndiye aliyekosea. Fundi akafungua kamba. Alimtazama Mama Pasi mara moja, akainama akabeba godoro ndani. Hakushukuru, wala hapakuwa na cha kushukuru.

Bi Meneja alizitaka shuka zake zote, hata zile za kabatini. "Tabibu akiandika kwamba mmepona, tutazungumza," akasema, na kwa mara ya kwanza hakugusa kitu hata kwa kalamu.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Walijipaka mara ya pili, wakakata kucha, Kitinda akamaliza dawa yake na vidonda vikaacha alama za pinki. Wateja watano walikuja kuchukua nguo zao na kuomba wakatiwe uzi wenyewe. Wengine walibaki, kwa huruma au kwa umbea. Karani hakumlaumu mkewe kwa maneno. Alimlaumu kwa kupiga pasi shati lake mwenyewe, vibaya, na kulivaa hivyohivyo kazini.

Na walikuwa bado wanawashwa, kama walivyoahidiwa. Siku Bi Meneja alipotokea tena, Mama Pasi alikuwa barazani, kiwiko kikamwasha, akajikuna kabla hajakumbuka kwamba kuna mtu anayemtazama. Karatasi ya tabibu ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza.

"Bado?" Bi Meneja akauliza.

"Wameshakufa, Bi Meneja. Haya ni matanga yao."

Bi Meneja hakucheka. Aliisoma karatasi yote, hadi mhuri. Kisha akaweka mezani furushi dogo. "Foronya tu kwanza," akasema. "Mashine ya kampuni inang'oa vifungo."

Alipoondoka, watu wa kwenda na kurudi walikuwa wameshaanza kusimama, maana nyuma yake alikuwa anakuja fundi. Mikono yake ilikuwa imevaa glavu mpya za mpira. Chini ya kwapa alibeba ovaroli, gumu kwa saruji, na alipofika hakulikabidhi. Alilitupa mezani, juu ya foronya za gesti, mbele ya muuza mkaa na wenye ndoo, likatoa vumbi.

Mama Pasi akaweka pasi pembeni. "Nilikukosea, mwanangu."

"Najua. Nilikuwepo." Fundi akaigeuza kola kwa kidole. "Shona."

Mama Pasi akafungua kopo la nyuzi, akatafuta ya njano.

"Siyo hiyo," fundi akasema. "Ile nyekundu."

"Nyekundu ni ya gesti, Fundi. Ina mwenyewe."

"Najua ya nani."

Muuza mkaa akatua gunia na kulikalia. Mama Pasi aliutazama uzi mwekundu, akautazama wa njano, kiwiko kikaanza kumwasha tena, akakiacha kiwashe. Akalamba ncha ya uzi mwekundu, akaipenyeza kwenye tundu la sindano, akaivuta kola karibu na mwili wake, ikamgusa kifuani, akashona.